Dawa ya Vipele Haifiki Kifuani

Bungoma,
8 Februari 1954

Kwa Bramwel, bakoki wangu,

Pokea salamu zangu, na za Wilkista mke wangu, na za ng'ombe mmoja aliyebaki. Hapa wote ni wazima isipokuwa mimi. Huko Kitale je? Lenah hajambo? Na Wabwile, nasikia ameshakupita kwa urefu, jambo ambalo si gumu.

Najua utaugeuza huu mwandiko mara mbili ukijiuliza ni wa nani. Tangu tumzike mzee wako sijakuandikia, na hiyo ni miaka tisa. Lakini mimi na wewe tulitahiriwa mwaka mmoja, uani kwa mtu mmoja, na ubakoki hauozi hata ukiachwa kwenye mvua.

Shida yangu ni hii. Tangu wanipe kazi ya kulinda stoo ya mahindi karibu na stesheni, ngozi yangu imenigeuka. Natokwa na vipele vikubwa kama nimeumwa na nyuki, mara shingoni, mara tumboni, na baada ya saa mbili vimehama. Macho yanalia bila msiba. Napiga chafya mpaka wateja wanahesabu. Na jioni kifua kinapiga filimbi. Wazee wameniambia nimelogwa. Mganga amekula jogoo wawili na filimbi inaendelea.

Wewe ni dresa, msaidizi wa daktari mzungu. Nitumie kitu. Tarehe tano Machi kuna baraza kubwa, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, atakuwepo, na mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya wazee. Siwezi kusimama mbele ya serikali nikijikuna kama mbwa.

Ndimi bakoki wako,
Absalom


Kitale,
19 Februari 1954

Bakoki Absalom,

Barua yako imefika. Lenah anakusalimu, ingawa ilibidi nimwombe mara tatu. Wabwile hajambo, na ni kweli amenipita; hata mbuzi wetu mmoja anakaribia. Mimi mwenyewe ni mzima, isipokuwa tumbo linalotangulia kufika kila mahali ninapokwenda.

Ati ubakoki hauozi! Umeniandikia neno tamu. Lakini nami nina jambo lisilooza. Mwaka 1922 tulisimama uani kwa baba yangu, yeye aliyekulea baada ya baba yako kufa. Tulipakwa tope moja la mtoni alfajiri moja. Mimi nilikuwa na pumu tangu utotoni, na wewe ulijua, maana tulilala mkeka mmoja ukinipiga teke ninyamazishe kifua. Lile tope la baridi likanikamata. Mabega yangu yalipanda na kushuka kwa kutafuta hewa. Na wewe ukawaambia watu nilitikisika kwa kuogopa kisu. Umelisema hilo kila msimu kwenye kila chungu cha pombe kutoka Chwele hadi Myanga. Unadhani nilikuja Kitale kufuata hewa safi?

Haya, tuyaache. Mimi ni mtu wa dawa na wewe ni mgonjwa.

Hujalogwa. Nimemuuliza daktari, Bwana Hallam, nikamweleza kazi yako. Je, hamnyunyizii magunia unga wa pareto kuua fukusi? Kama ndivyo, hapo ndipo penye neno. Kila ukoo una mwiko wake, na mwili nao una mzio wake. Vumbi lile halina ubaya wowote kwa Wilkista, lakini mwili wako unaliona kama jambazi. Unapiga kamsa. Kamsa hiyo ina jina, ni histamini, maji makali yanayomwagika kutoka kwenye chembe ndogo za mwili. Yakifika kwenye ngozi, ngozi inavimba na kuwasha. Yakifika puani, ni chafya.

Nakutumia vidonge kumi. Kazi yake si kumkamata mpiga kamsa. Hukaa kwenye kile kiti ambacho histamini ilitaka kukalia, nayo ikifika inakuta pamejaa, inazurura na kurudi zake. Siku ya baraza, meza viwili baada ya uji wa asubuhi. Hutajikuna hata kidogo, naapa.

Bakoki wako mpendwa,
Bramwel


Bungoma,
14 Machi 1954

Bramwel,

Salamu sina. Uzima ninao, nao unawaka moto.

Nilimeza viwili baada ya uji, kama ulivyoandika. Vipele vikatoweka, nikakusifu mbele ya Wilkista. Saa nne nikaketi mstari wa mbele. Bwana Shauri akaanza kueleza habari ya matuta ya kuzuia mmomonyoko, na kope zangu zikawa nzito kama magunia. Nikajifinya. Nikauma ulimi. Kilichofuata nimesimuliwa na wengine. Wanasema nilikoroma. Wanasema karani aliita jina langu mara tatu, na mara ya tatu nikajibu nikiwa usingizini, "Wilkista, funika kuku." Baraza zima! Mpaka askari waliangua kicheko. Mzee Kiplagat, aliyeshuka kutoka Cheptais kwa ajili ya kunisikia, alilazimika kunishika bega nisianguke juu ya meza ya serikali.

Sasa watoto wakipita stoo wananiambia nifunike kuku.

Nijibu jambo moja tu. Ulijua?

Absalom


Kitale,
22 Machi 1954

Bakoki wangu msinzia,

Natumaini barua hii imekukuta macho. Sisi tu wazima, na mimi mbavu zinaniuma, lakini si kwa ugonjwa.

Nilijua. Dawa ile haikai kwenye ngozi peke yake. Hupanda hadi ubongoni, na kule nako kuna viti vya histamini, ambayo kazi yake kule ni kumweka mtu macho. Vidonge vikivikalia vile viti, mwenye nyumba analala. Ndiyo maana wagonjwa wote huambiwa wameze wakienda kitandani. Wewe peke yako ndiye niliyekuandikia asubuhi. Nilisoma barua yako mbele ya Lenah, akasema nisome tena sehemu ya kuku. Alinipikia chapati siku hiyo, naye chapati hupika Krismasi.

Umeonja kidogo. Siku moja ya kuchekwa kwa jambo ambalo mwili wako ulilifanya bila ruhusa yako. Mimi nimekula chakula hicho miaka thelathini na miwili.

Sasa sikiliza, hapa sitanii. Agosti Wabwile anasimama. Atasimama nyumbani Chwele, uani palepale. Mwezi uliopita alikwenda kuwasalimu wajomba zake, na wavulana wenzake wakamwita "mwana wa Mtikisiko". Hakuniambia yeye, nilisikia kwa mama yake. Mwanangu atasimama mbele ya watu, na kila jicho litatazama mabega yake kuona kama damu ya baba imerithiwa.

Kwa hiyo utakuja. Utasimama mbele ya watu kabla ya kisu, na kwa sauti hiyo yako inayosifiwa utasema, "Nilikuwa karibu naye. Nilisikia kifua chake kikipiga filimbi. Ilikuwa pumu." Ukisema hivyo, nitakupa dawa ya kifua. Ninayo, efedrini, imo kabatini na ufunguo ninao mimi. Usiposema, endelea kupiga filimbi.

Bakoki wako asiyesahau,
Bramwel


Bungoma,
10 Aprili 1954

Kwa Bramwel, daktari wa kuku,

Sijambo, na nakuandikia kwa furaha kukujulisha kwamba sikuhitaji. Vidonge vyako sasa nameza usiku, nalala kama mtoto aliyenyonya. Vilipokwisha nilikwenda duka la Mhindi nikapata vingine vya namna hiyohiyo. Ngozi yangu ni laini kama ya bibi harusi. Kama vimeponya ngozi, kifua kitawezaje kukataa? Si mwili ni mmoja? Nimeongeza, badala ya kimoja nameza vitatu.

Uani kwenu sitakuja kusema chochote. Watu waliona walichokiona.

Na nimefikiri sana kuhusu somo lako la mwili unaopiga kamsa. Chembe ya vumbi, ndogo, imepita tu njia, na mwili unaifanyia vita mpaka unaichoma nyumba yake wenyewe. Nikamwambia Wilkista, huyu mwili ninamjua, anaishi Kitale, ana tumbo.

Absalom


Kitale,
17 Aprili 1954

Absalom,

Salamu. Ile ya tumbo nimecheka, sikatai. Lenah hakucheka.

Lakini acha upumbavu wa vidonge vitatu. Nakuandikia kama dresa, ubakoki uwekwe kando kwa mistari michache. Dawa ya vipele haifiki kifuani. Kwenye ngozi na puani, histamini ndiyo mwenye fujo, ukimnyima kiti fujo zinakwisha. Kifuani yeye ni mpiga kamsa tu. Akishaita, wanakuja wengine wengi, na wale hawamhitaji tena. Misuli inabana vijia vya hewa. Kuta za ndani zinavimba. Makohozi mazito yanajaa. Ni kama kijiji kilichoitikia kamsa usiku. Mwizi hayupo, na watu bado wako uani kwako na marungu, wanakanyaga mahindi, hawataki kwenda kwao. Wewe umeziba mdomo wa mpiga kamsa na unalala usingizi mtamu huku uwanja unajaa.

Efedrini huilegeza ile misuli, njia ikapanuka. Iko dawa nyingine mpya, kotisoni, inayowatawanya wale waliojaa na kuushusha uvimbe wenyewe, lakini hiyo Bwana Hallam anayo chupa moja, ya mke wake mwenye pumu, na hata mimi naigusa kwa kuifuta vumbi tu. Na jambo jingine: kichwa kikikuuma usimeze asprini. Hiyo nayo ni dawa ya uvimbe, lakini wako watu wa pumu ambao huwafunga kifua kama kamba.

Waambie wakubwa wako wakuondoe kwenye unga wa pareto. Funga kitambaa puani.

Efedrini iko hapa. Unajua bei yake, nayo ni maneno kumi ya kweli. Agosti si mbali.

Bramwel


Kitale,
30 Mei 1954

Bakoki Absalom,

Wiki sita na hujanijibu hata tusi. Nimezoea matusi yako. Bila hayo posta ya Kitale imepooza.

Hapa mvua ni nzuri. Wabwile ameanza kujifunza kupiga njuga, anatutoa masikio. Wewe hujambo? Wilkista je? Umehamishwa stoo?

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Si lazima iwe ndefu.

Bramwel


Kitale,
24 Juni 1954

Absalom,

Wilkista atakusomea, maana aliniambia bado macho hayajatulia. Mwambie asiruke mahali popote, hata panaponiaibisha.

Tarehe kumi na tano Rotich, dereva wa lori la mahindi, alikuja kliniki kufungwa kidole. Nikiwa namfunga akaniambia habari za Bungoma kama mtu anayesimulia hali ya barabara. "Yule mzee wenu wa kuku wanambeba kwa kitanda. Hawezi kumaliza sentensi. Midomo imekuwa ya buluu." Kidole chake nilikifunga vibaya, nikamwacha hapo.

Nilikwenda kwa Bwana Hallam. Nilidhani nitasema tu kwamba ndugu yangu anaumwa. Aliniuliza, "Umekuwa ukimpa nini?" Nikajibu dawa ya vipele. "Na kifua, tangu lini?" Tangu Februari. "Na efedrini imo kabatini kwangu. Kwa nini hukumpa?" Absalom, nimeishi na wazungu miaka ishirini na tatu na ninajua kuwadanganya katika lugha mbili. Siku ile sikuweza hata moja. Nilimweleza yote, tope, mabega, baraza, kuku. Hakucheka mahali panapochekesha. Alifungua kabati, akanipa adrenalini na sindano, akahesabu vidonge vya kotisoni kutoka kwenye chupa ya mke wake, akaandika karatasi ya maelezo. Kisha akanyoosha mkono akataka ufunguo.

Nilipanda lori la Rotich juu ya magunia. Nilipoingia kwako hukunitambua. Ulikuwa umeketi umeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Nilisimama pale mlangoni na sindano mkononi, na nitakuambia ukweli kwa sababu nimeuanza. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni utamu. Nilisema, haya, sasa unajua. Utamu huo ulidumu muda wa kuvunja kichupa. Halafu Wilkista akanisukuma.

Adrenalini ilikufungua kwa dakika chache, ukavuta pumzi moja ndefu na kunitukana. Kotisoni ilichukua saa nyingi, mpaka kesho yake mchana, maana umati hautawanywi kwa filimbi moja. Nilirudi nilipoona unakula.

Sasa hapa kliniki nachemsha sindano na kufua bendeji. Mtu wa miaka arobaini na sita. Mikono yangu haijawahi kuwa safi hivi.

Sharti langu la Agosti nimelifuta. Chupa ya efedrini imo kwenye kifurushi hiki, Bwana Hallam ameitoa mwenyewe. Usinishukuru, nitatapika.

Bramwel


Bungoma,
18 Julai 1954

Kwa bakoki wangu Bramwel,

Natumaini mko salama, wewe na Lenah na kijana. Mimi napumua. Wamenihamishia kwenye mizani, nje, mbali na pareto. Wilkista anasema mnene mmoja aliketi kitandani kwangu siku mbili akilia ndani ya kofia. Nimemwambia hakuwa wewe, wewe huna kofia.

Nilipokuwa pale nikitafuta hewa niliwaza jambo moja tu, nalo si Mungu. Niliwaza siku ile uani. Sasa nakuandikia, kisha usiniulize tena.

Ngariba alianza na wewe. Ulikata pumzi, mabega yakapanda, lakini miguu yako ilikuwa kama imepandwa. Akaja kwangu. Bramwel, mimi ndiye niliyerudi nyuma. Nusu hatua. Kisigino changu kiliacha alama kwenye udongo, nikakirudisha mahali pake upesi. Nyuma ya watu mtu akauliza kwa sauti, "Nani huyo ametikisika?" Wote tulikuwa tope tupu, nyuso hazijulikani. Mimi nikakuonyesha kwa kidevu. Walipotazama waliona mabega yanayotikisika, wakaridhika. Wewe hukuwa na hewa ya kujibu.

Nilikuwa yatima katika ua wa baba yako. Mwoga asiye na baba, nani angempa hata kuku? Nikasema nitairekebisha kesho. Kesho nikaona watu wananisifu. Baadaye nikawa nalisimulia kila msimu, maana nilipokaa kimya niliogopa mtu mwingine ataanza kukumbuka kisigino.

Nimekuambia wewe. Usinitake niseme mbele ya watu. Nina wajukuu. Choma barua hii.

Bakoki wako, kama bado,
Absalom


Kitale,
2 Septemba 1954

Absalom,

Siku ya Wabwile uliondoka Chwele kabla ya chakula. Lenah alikuwekea mguu wa kuku mpaka ukapoa, na kwa Lenah hiyo ni hotuba.

Barua yako sikuichoma. Siku hiyo ya Wabwile ilikuwa mfukoni mwangu, upande wa moyo, imekunjwa mara nne. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Kabla kijana hajaingia kutoka mtoni ningeomba ukimya, ningeifungua taratibu, ningeisoma kwa sauti ambayo nimeifanyia mazoezi mbele ya sindano zinazochemka. Nilikuwa nimechagua hata mahali pa kutua, baada ya neno "kidevu". Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala kwa furaha. Wewe uliomba ichomwe, na mimi nilitaka kukuchoma nayo.

Kumbe ukaja. Hakuna aliyekuita. Nilikuona unasukuma watu, vumbi la wachezaji limefika juu ya paa, umefunga kitambaa puani kama mwizi. Nikatia mkono mfukoni. Wewe ukavua kitambaa. Ukasema maneno yaleyale, nusu hatua, kisigino, kidevu, yatima, na kila maneno matatu ulisimama kutafuta hewa, na mabega yako yakipanda na kushuka mbele ya ukoo mzima. Mtu mmoja nyuma akacheka, "Tazama, anaogopa!" Ukamjibu, "Tazama vizuri. Hivi ndivyo alivyokuwa." Halafu ukashindwa kuendelea, na Wabwile alikuwa ameshafika ukingoni mwa ua, anatazama.

Umeniibia kisasi changu, Absalom. Miaka thelathini na miwili nakifuga kama fahali, na siku ya kumtoa zizini nimekuta umeshamchinja wewe. Nilibaki nimeshika karatasi mfukoni kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

Wabwile alisimama. Hukuona, maana ulikuwa nyuma ya nyumba na Wilkista akikuchua mgongo. Hakupepesa. Jioni nilimwambia, umesikia sasa, baba yako hakutikisika. Akanijibu, "Nimesikia. Lakini baba, yule mzee hawezi kupumua, na wewe ulimwangalia tu." Jibu bado nalitafuta.

Nimemweleza Bwana Hallam kwamba vumbi limekurudisha nyuma. Amehesabu kotisoni nyingine, akanipa mimi nikutumie. Ufunguo hajanirudishia, nami sijauliza. Sasa soma vizuri, maana hapa ndipo watu hufa. Mwili una kotisoni yake, hutengenezwa na tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Ukiuletea ya chupa siku nyingi, zile tezi hushikwa na uvivu, hulala. Ukiacha vidonge siku moja kwa sababu unajisikia mzima, utakuta huna ya chupa wala ya kwako, na ule umati utarudi wote kwa pamoja. Kwa hiyo haiachwi ghafla. Hupunguzwa. Wiki ya kwanza vidonge viwili kwa siku. Ya pili kimoja. Ya tatu nusu. Ya nne nusu, siku moja ndiyo na siku moja hapana, mpaka tezi zikumbuke kazi yake.

Sijakusamehe. Anza Jumatatu, baada ya uji.

Bakoki wako,
Bramwel